Kulea vifaranga wa mbuni huku Nakuru: angalia tumbo na miguu kila asubuhi

Wiki jana kijana mmoja wa Kampi ya Moto alinipigia simu kabla jua halijatoka, akaniambia mzee nilikuwa na vifaranga 14 wa mbuni sahii wamebaki 9, nimewapea dawa ya kuhara nimewapea vitamini na bado wanakufa. Nikamuuliza kitu moja tu, choo yao iko aje? Akanyamaza. Nikamuuliza na wanatembea aje? Akasema hapo sijaangalia mzee, mimi huangalia tu kama wamekula.

Hiyo ndo sababu nimekaa chini kuandika hii. Watu wengi huku kwetu, kuanzia Rongai mpaka Gilgil, wanamchukua mbuni kama kuku mkubwa, wanamlisha kama kuku na kumtibu kama kuku. Kuku unamjua, anaogopewa kideri (Newcastle) na koksi (ule ugonjwa wa kuhara damu). Kifaranga wa mbuni mara nyingi anamalizwa na tumbo lake na miguu yake, na mara nyingi ni sisi tumesababisha bila kujua. Ukipita miezi mitatu ya kwanza vizuri huyo ndege ni mgumu ajabu, lakini hiyo miezi mitatu lazima uamke mapema.

Kwanza karatasi. Mbuni kwa sheria ya Kenya ni mnyama wa pori ata kama ameanguliwa kwa inkubeta (mashine ya kuangulia mayai) nyuma ya nyumba yako, kwa hivo leseni inatoka KWS, shirika la wanyamapori, chini ya ile sheria ya wanyamapori ya 2013, na kuokota mayai porini ni kesi. Nunua kwa mtu mwenye leseni na umwambie akuonyeshe. Alafu muulize kifaranga alianguliwa tarehe ngapi, usikubali "kama wiki hivi", juu siku kumi za kwanza kila siku iko na kazi yake ndani ya hilo tumbo.

Nieleze hapo kidogo. Yai la mbuni linakaa siku 42 kwa joto la nyuzi 36 na kitu, chini kidogo ya la kuku, na kifaranga anatoka na gramu kama 800 ama 900, mgongo umejaa manyoya magumu kama miba. Anatoka na kiini cha yai bado kiko ndani ya tumbo, mfuko mzima, na huo ndo chakula chake siku za kwanza na pia kinga ya mwili kutoka kwa mama. Kwa hivo siku nne tano za kwanza uzito wake unashuka, usiogope, inafaa ushuke. Pima kila kifaranga kila asubuhi na mizani ya jikoni na uandike kwa daftari, weka uzi wa rangi tofauti mguuni usiwachanganye (na ulegeze huo uzi kila siku mbili, wanakua haraka mpaka unaweza kukata mguu). Wa kukutia wasiwasi ni yule hashuki uzito, tumbo linabaki kubwa na limekaza, anasinzia peke yake, kitovu kimeloa ama kinanuka. Huyo kiini kimekataa kuisha na mara nyingi kimeingiliwa na bakteria. Daktari wa mifugo akimpata mapema anaweza kumfanyia operesheni akitoe, nimeona ikifanyika na kifaranga akaishi, lakini akishalala chini kabisa hakuna kitu utafanya.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Mayai yaokotwe yakiwa safi na makavu, usioshe yai chafu na maji baridi juu unasukuma uchafu ndani kupitia vitundu vya ganda. Kitovu kipakwe ayodini mara tu anapoanguliwa. Na asipate baridi. Pia kuna hii ya unyevu ambayo nataka nyinyi wa Kisumu msikie vizuri: yai la mbuni linatakiwa lipoteze kama asilimia 13 mpaka 15 ya uzito wake likiwa kwa inkubeta, ni maji yanatoka. Hewa ya ziwa iko na unyevu mwingi, sasa mtu anaongeza tena bakuli la maji ndani ya inkubeta kama anavyofanya na ya kuku, maji hayatoki kwa yai, kifaranga anaanguliwa amevimba mwili mzima kama sponji, miguu imejaa maji na hawezi kusimama. Pima yai siku ya kwanza na upime tena kila wiki. Kama halishuki uzito, toa hayo maji.

Sasa nyumba. Nakuru usiku ni baridi, tusidanganyane, na ukipanda upande wa Molo na Elburgon ni baridi zaidi na matope, mimi siwezi shauri mtu aanze na vifaranga huko mwezi wa saba. Wiki ya kwanza bruda (ile nyumba ya joto ya vifaranga) iwe nyuzi 30 mpaka 32, alafu unashusha kama nyuzi mbili kila wiki. Kipimajoto kikae usawa wa mgongo wa kifaranga. Lakini kipimajoto cha ukweli ni wao wenyewe: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikaa mbali wamefungua midomo wana joto, wakitawanyika wamelala wamenyoosha shingo wako sawa. Ukitumia jiko la makaa acha hewa itoke, gesi ya makaa haionekani na inaua bila kelele.

Chini usiweke maranda. Najua ndo kila mtu ako nayo na ni bei rahisi na kwa kuku inafanya kazi, lakini kifaranga wa mbuni anadonoa kila kitu, atakula maranda mpaka tumbo lijae. Usiweke gunia pia, nyuzi zinatoka anazimeza ama zinamfunga vidole. Na saruji laini ni mbaya kuliko zote juu anateleza miguu inaachana, moja huku moja kule, na hiyo hairudi kirahisi. Mimi natumia saruji iliyokwaruzwa wakati bado iko mbichi, juu yake mkeka wa mpira wenye mikwaruzo, naosha kila asubuhi na naachia ukauke kabisa kabla warudi. Ni kazi, lakini afadhali hiyo kazi kuliko kuchimba mashimo.

Tukuje kwa tumbo, na hapa nitakaa.

Mbuni hana lile gole la shingoni ambalo kuku anahifadhi chakula. Kikimezwa kinateremka moja kwa moja mpaka tumbo la kwanza, mfuko mkubwa unaotoa asidi, alafu kinaingia firigisi ambayo inasaga kwa kutumia mawe aliyomeza, alafu kinaenda kwa utumbo mrefu sana ambao huko nyuma uko na wadudu wadogo wa kuchachusha nyasi, karibu kama vile ng'ombe anafanya. Hiyo ndo siri ya mbuni kunona kwa majani. Lakini kifaranga wa wiki mbili hao wadudu hajawapata vizuri. Akila nyasi ndefu zinajisokota tumboni kama kamba, akila mchanga unakaa chini kama simiti, na chakula kinasimama. Anaendelea kudonoa, ndo maana yule kijana alikuwa ananiambia wanakula, kumbe wanadonoa tu na hakuna kitu kinapita, anakufa na njaa tumbo likiwa limejaa.

Utajuaje? Choo. Mbuni anatoa mkojo na mavi mbalimbali, tofauti na ndege wengine, kwanza mkojo alafu mavi, na hii ni bahati kubwa kwako juu unaweza soma kila moja peke yake. Mkojo mzuri uko kama maji, saa zingine na weupe kidogo, ukianza kuwa mzito kama ute na wa kijani ujue huyo ndege hanywi ama hali. Mavi mazuri ya kifaranga ni laini lakini yameshikana. Yakianza kuwa vidonge vidogo vigumu kama vya mbuzi na vichache, hapo tumbo limeanza kuziba. Yakiwa na mchanga, chukua kidogo uweke kwa glasi ya maji na uone kinachobaki chini.

Alafu mshike. Pitisha vidole taratibu nyuma ya kifua upande wa kushoto. Tumbo zuri linabonyea kama unga uliokandwa, lililoziba ni gumu kama mpira umejazwa mchanga, saa zingine unasikia ata mawe yakisagana. Fanya hivi kwa kifaranga mzima kila siku ndo mkono uzoee, juu ukianza kupapasa siku ile ameugua hautajua unachosikia.

Ukiligundua mapema, mtoe kwa nyasi na mchanga mara moja, mpe maji ya vuguvugu, mfanye atembee, na umuite daktari ambaye ataamua kama ni mafuta ya kulainisha na maji kwa mpira mpaka tumboni. Usimwagie mafuta mdomoni wewe mwenyewe na kijiko, yanaingia kwa mapafu na utamuua siku hiyo hiyo. Likikaa siku nyingi ni kupasuliwa. Na usikimbilie antibiotiki kwa maji ya kunywa kila wakati kifaranga anaposinzia, unaua wale wadudu wazuri wa tumbo ambao bado anawatafuta, na tumbo linasimama zaidi.

Kuzuia sasa: majani yote yakatwe mafupi kama ukucha, sentimita moja ama mbili, iwe lusani (alfalfa), sukuma wiki ama kabichi. Mawe ya kusagia ayapate, changarawe ndogo safi, chembe isizidi nusu ya ukucha wake wa kidole kikubwa, kiasi kidogo, si debe. Na kila asubuhi kabla hujawafungulia zunguka boma uokote misumari, vipande vya waya, vizibo vya soda, nailoni. Kitu chochote kinachong'aa atakimeza. Mimi nilifunga sumaku kwa fimbo naipitisha chini, na siku ile tulimaliza kuezeka mabati niliokota misumari mkono mzima.

Kitu kingine kinafunga tumbo ni hofu. Kifaranga akihamishwa, akitolewa mwenzake, ama mtu aliyezoea kuwalea akienda likizo, anaacha kula vizuri na kuanza kudonoa takataka. Wakae na mtu mmoja wanayemfuata kama mama yao. Kwangu ni mama watoto, wakimwona na leso yake ya bluu wanakimbia wote.

Chakula cha dukani. Hapa niliumia na sitaki mwingine aumie. Mwaka wangu wa kwanza niliishiwa na chakula, nikaenda agroveti moja hapa karibu, nikaambiwa chukua hii ya broila ni sawa tu, ndege ni ndege. Siku ya tatu vifaranga sita walikuwa wamekaa chini hawawezi kuinuka, shingo inalegea, macho bado yanakuangalia. Walikufa wote. Kumbe chakula kingine cha broila kinawekwa dawa ya kuzuia koksi, zile za monensini, salinomisini, lasalosidi, na kwa mbuni hizo ni sumu, zinaharibu misuli na moyo, na hakuna dawa ya kurudisha. Soma lebo. Kama lebo haisemi, uliza kwa maandishi, na kama hakuna anayejua usinunue. Kila nikikumbuka wale sita roho inaniuma, manake nilikuwa nao tangu wako ndani ya yai.

Na chakula cha kuku wa mayai usiwape pia, kalisiamu ni nyingi sana kwa kifaranga na inazuia madini mengine kuingia mwilini, alafu miguu inapinda. Tafuta mtu wa lishe akuchanganyie, hapo Njoro kuna Egerton wanafundisha mambo ya mifugo na lishe, protini iwe asilimia 20 hivi mwanzoni alafu ishuke, na usiwape kupita kiasi eti wakue haraka.

Juu kukua haraka ndo inatuleta kwa miguu. Mbuni anaongeza karibu sentimita 30 za urefu kila mwezi kwa miezi ya kwanza, fikiria huo mfupa unavyovutwa. Ukimshindilia chakula na umfungie chumbani, mwili unazidi miguu, na kati ya wiki ya pili na ya kumi utaona mguu mmoja umeanza kugeuka, kidole kikubwa kinaangalia nje badala ya mbele. Mfupa wa chini umejisokota. Ukianza kidogo sana punguza chakula na uongeze kutembea, lakini ukishageuka kabisa haurudi, na mimi nasema ukweli hapa ata kama unaniuma, huyo mwite daktari amuue bila maumivu, usimwache akijikokota mpaka apate vidonda.

Vidole vilivyopinda ni tofauti, hivyo vina matumaini. Kifaranga akianguliwa kidole kimelala upande, siku hiyo hiyo ama kesho yake kifunge na plasta kwa kipande cha kadibodi ngumu kilichonyooka, mara nyingi kinanyooka ndani ya siku chache. Ukingoja wiki umechelewa.

Kwa hivo kila asubuhi kaa nyuma yao waende mbele, alafu kaa mbele waje kwako, angalia miguu tu, usiangalie kingine. Wape nafasi ya kukimbia kila siku jua likiwa limewaka na umande umekauka.

Alafu kuna ile ngoma yao. Ukifungua mlango asubuhi vifaranga wanatoka mbio na kuanza kuzunguka zunguka mabawa yamefunguliwa, ni furaha, ukiona mara ya kwanza utasimama tu uangalie. Lakini wanazunguka mpaka kizunguzungu, mmoja anaanguka kwa jiwe na mguu umevunjika. Wafungulie kwanza kwa kauwanja kadogo kasicho na mashimo watulie dakika kadhaa ndo watoke kwa kubwa. Mfupa wa mguu ukivunjika usifunge mbao kama mbuzi, yeye anabebwa na miguu miwili tu na mara nyingi hakuna kupona.

Pia usimbebe kwa miguu kichwa kikiangalia chini kama kuku wa kupeleka soko. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine umshike mgongoni, miguu ining'inie.

Mambo ya chanjo na minyoo nitapita haraka. Kideri kinampata mbuni pia, kwa hivo chanjo ni lazima hasa kama una kuku wa kienyeji wanaozurura, daktari atakupangia tarehe. Ndui inakuja na mbu wakati wa mvua, utaona vipele vigumu kwa macho na mdomo. Minyoo iko moja mbaya inaishi ndani ya tumbo la kwanza na kujificha chini ya ngozi ngumu ya firigisi, inaletwa na malisho yenye unyevu ambayo mbuni wakubwa wamepita, kwa hivo vifaranga wasilishwe mahali wakubwa walikuwa. Peleka choo ipimwe ndo ununue dawa, usinunue ndo upime.

Kupe usicheze nao. Mwaka 1996 kule Oudtshoorn, Afrika Kusini, wafanyakazi wa kichinjio cha mbuni waliugua ile homa ya kutoka damu ya Crimean-Congo, na kupe ndo wanaibeba. Kwa hivo ukitoa kupe ama ukichinja vaa glavu, na usiponde kupe na vidole.

Na mbuni mkubwa akianguka ghafla akafa, damu inatoka puani ama nyuma, usimpasue. Mbuni ni mmoja wa ndege wachache wanaopata kimeta, na sisi watu wa Nakuru tulikiona 2015 kikiua nyati wengi ndani ya hifadhi ya Ziwa Nakuru. Fukuza watoto na mbwa, umfunike, na uite daktari wa serikali aje hapo hapo.

Kwa wakubwa kwa jumla, usiingie peke yako na usisimame mbele. Teke lake linatoka mbele na kushuka, na ile kucha inapasua. Dume akiwa na mdomo na miguu miekundu ni wakati wake wa kutaka majike, muache. Ukikutana naye uwanjani hakuna pa kukimbilia lala kifudifudi ufunike kichwa, kupiga aliyelala chini ni ngumu kwake. Kumshika kwa matibabu tumia mkono wa sweta nyeusi, unauvaa kwa mkono wako, unashika mdomo, alafu mwingine anauvuta mpaka ufunike macho na uache pua wazi. Gizani anatulia kabisa. Wawili kwa mabawa, mmoja nyuma, asubuhi mapema, na msimkimbize, akikimbizwa sana kwa joto misuli inaharibika na anaweza kufa siku mbili baadaye wewe ukifikiria umemaliza kazi.

Yule kijana nilimwambia atoe mchanga na nyasi zote ndefu, aanze daftari, na yule aliyekufa usiku asimzike. Amuweke kwa nailoni mbili ndani ya kikapu chenye barafu, asiweke kwa friza juu akiganda daktari hawezi kusoma nyama vizuri, na amfikishe maabara ya uchunguzi wa mifugo hapa Nakuru siku hiyo hiyo, pamoja na chakula kidogo wanachokula na namba ya siku tangu aanguliwe. Alienda. Walipofungua tumbo walipata nyasi zimesokotwa kama kigwe, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko, na kizibo cha soda. Sahii anakata lusani na kisu cha jikoni kila asubuhi, na jana amenitumia picha ya choo ya vifaranga nane. Wa tisa mguu umeanza kugeuka, kesho naenda kumuona.